Mashindano ya Baiskeli Chini ya Minazi ya Mtu

Baiskeli za mtaani kwetu ziliondoka kabla ya wenyewe. Aliyekuwa akijitayarisha kusafiri hakusema. Miaka ile ya baada ya Mapinduzi haikuwa ya kusema. Lakini siku moja ungepita chini ya ngazi yake ukaona pale alipozoea kuegemeza baiskeli pamebaki mkwaruzo wa mpini tu ukutani, ukajua. Haukupita muda mlango nao ukatiwa kufuli.

Mengi ya hayo yalitokea mimi niko masomoni bara. Niliporudi Unguja na shahada yangu, nikapangiwa kufundisha jiografia, nilikuta barazani petu hapana mtu. Wazazi wangu walikuwa wamehamia Mombasa kwa dada yangu. Wenzangu wa utotoni, tuliokuwa tukitoka nao kwa baiskeli kila jioni baada ya Alasiri, wengine walikuwa Dar es Salaam, wengine Maskati, na mmoja nilisikia yuko Uingereza anaosha vyombo. Nilibaki na nyumba nzima ya ghorofa. Nilikula katika chumba kimoja na kulala humo humo, maana nikitembea katika vyumba vingine sauti ya nyayo zangu ilinifanya nisimame nisikilize kama kuna mtu.

Wenyewe walikwenda, ila baiskeli zao waliziuza, nazo zikabaki mjini. Hilo ndilo lililonitesa. Ningekuwa nimekaa na madaftari ya wanafunzi, mara naisikia kengele ninayoijua, ya rafiki yangu mkubwa, ambayo springi yake ilikuwa mbovu tangu tuko skuli: inalia nusu, inakwama, halafu inamalizia. Nakimbilia dirishani. Naona mgongo nisioujua na shati nisilolijua, linapotea kwenye kona. Kila mara nilijua kabla ya kuinuka kuwa si yeye. Kila mara niliinuka.

Mtu wa kwanza kuzungumza nami zaidi ya salamu alikuwa fundi wa baiskeli wa Mchangani, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye mikono yake haikuwahi kutoka grisi. Nilikuwa nikimpelekea baiskeli yangu mara kwa mara.

"Mwalimu," akaniambia siku moja, "baiskeli hii haina kitu. Juzi uliileta haina kitu, leo haina kitu. Mtoto mzima unampeleka hospitali kila siku, una nini na daktari?"

"Nasikia inagonga."

"Inagonga wapi?"

"Nikipanda kilima."

"Unguja hii kilima umekiona wapi? Wewe si ndiye unayefundisha jiografia?"

Waliokuwapo wakacheka, na mimi nikacheka. Nikatazama baiskeli zilizopangwa ukutani zikingoja kutengenezwa. Nilizijua karibu zote. Nilijua ipi ilianguka bandarini, na ipi ina siti iliyoshonwa na mama wa mtu. Nikamuuliza sasa ni za nani. Akanitajia: hii ya mpagazi wa bandarini, hii ya karani, ile ya mchukuzi wa samaki, ile ya askari zimamoto. Watu wapya katika baiskeli za watu wangu.

Nikasema, hata sijajua nasema nini: "Kwa nini wasishindane?"

Fundi akaacha spana. "Nani atawashindanisha?"

"Mimi."

Usiku ule sikulala. Niliwaona wote wamekuja pamoja, baiskeli zote mahali pamoja kama zamani, na hawa wapya wakinijua kwa jina, wakinigongea mlango Jumapili nyingine kuuliza lini tena. Hicho ndicho nilichokitaka, wala sitasingizia mchezo. Nilidhani mashindano yakifanikiwa nitakuwa na watu.

Lakini barabarani ilitakiwa ruhusa. Mkusanyiko wowote ulitakiwa uelezwe: nani atakuwapo, nani kauitisha, na kusudi lake nini. Neno hilo la kusudi lilinisumbua. Nilijitazama nimesimama mbele ya meza ya ofisa, ananiuliza kwa upole, na jibu la kweli ni kwamba nyumbani kwangu hakuna sauti. Nikatunga majibu mengine, ya afya, ya vijana, ya ujenzi wa taifa. Kila nililotunga lilikuwa zuri kupita kiasi, na jibu zuri kupita kiasi ndilo linalomfanya ofisa ainue macho. Mwishowe nikaona njia moja tu: tusishindane barabarani. Tushindane ndani ya shamba la mtu, kwa idhini ya mwenyewe, kama wageni wake waliokuja na baiskeli zao.

Nilimjua seremala mmoja aliyekuwa akitutengenezea madawati ya skuli. Alikaa Mpendae, na Mpendae siku hizo ilikuwa nje ya mji hasa: nyumba moja moja, mihogo, na minazi mpaka jicho linapochoka. Shamba lake alilirithi kwa baba yake.

"Hodi!"

"Hodi, karibu. Aaa, Mwalimu! Yameshavunjika tena?"

"Hapana, leo sikuja kwa madawati." Nikamweleza. Alinisikiliza huku akipiga randa ubao, kisha akafuta jasho.

"Baiskeli tu? Pitisheni. Hata ngamia pitisheni mkitaka. Kieneo hiki kilikuwa kidogo, hakuna aliyetamani kukichukua, kwa hiyo bado ni changu. Mihogo tu msinivunjie."

Lakini mimi sikuridhika. Nikamuuliza mbuzi wake hufungwa wapi. Nikamuuliza kisima kina ukingo au hakina, na kama kuna makaburi tusije tukapita juu ya maiti. Nikamuuliza jirani gani hapendi kelele, na mvua ikinyesha maji hutuama wapi. Alinijibu yote kwa uvumilivu, na nilipomaliza akasema, "Mwalimu, unataka kushindanisha baiskeli au unataka kuposa?" Nikaondoka nimetulia, jambo ambalo kwangu ni nadra. Nilijiambia hakuna nililolisahau.

Njia tuliyoichagua ilitoka mbele ya nyumba ya seremala, ikapita kandokando ya mihogo, ikaingia minazini, ikazunguka kisima na kurudi. Minazini vichochoro vilikuwa vingi vilivyofanana. Nikaingiwa na hofu kuwa mtu atapotea, au atakata kona, kisha waje wagombane na wasirudi tena. Uani kwetu kulikuwa na chokaa iliyobaki tangu baba alipokarabati ukuta. Jumamosi jioni, siku moja kabla ya mashindano, nikaikoroga ndooni, nikafunga ndoo kwenye kikalio cha nyuma cha baiskeli, nikaenda Mpendae peke yangu. Seremala hakuwapo. Nikaanza kupaka: kila mnazi uliokuwa kwenye kona niliuvisha mkanda mweupe, usawa wa kiuno, ili mpandaji auone kwa mbali.

Ilikuwa kazi nzuri. Kulikuwa kimya, lakini kimya cha pale hakikuwa kama cha nyumbani. Nilikuwa na suruali yangu ya kazini na viatu, nikirudi nyuma hatua chache kutazama kama mikanda inalingana. Bibi mmoja alipita mbali, kajitwika mzigo wa makuti. Akasimama. Akanitazama muda mrefu. Nikampungia mkono wenye brashi. Akageuka akaenda zake.

Jumapili walikuja. Walikuja zaidi ya nilivyothubutu kutumaini, kengele zikilia toka mbali, na fundi wa Mchangani mbele yao anapiga kelele kama anayesindikiza bwana harusi. Nilisimama mbele ya nyumba ya seremala nikiwapokea, lakini kusema kweli nilikuwa nikizipokea baiskeli. Nilizitazama zikiegemezwa moja moja. Ile ya kengele mbovu alikuja nayo yule mpagazi wa bandarini, kijana mpana mwenye kucheka upesi. Akanipa mkono. "Mwalimu, leo nitakuonyesha mbio." Nikamwambia, "Baiskeli hiyo inavuta kushoto ukiibana breki." Akashangaa. "Umejuaje?" Nikageukia baiskeli nyingine; niliona nikianza sitamaliza.

Mizunguko mitatu, tulikubaliana. Fundi akagonga ringi ya zamani kwa spana, wakaondoka pamoja, vumbi likapanda, wakaishia minazini. Seremala alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba kuhamisha mbuzi, fundi kawafuata wapandaji kwa mbio akiwatukana kwa furaha, nami nikabaki kwenye mstari.

Nikangoja. Mzunguko mmoja haukuwa mrefu; nilishaupita mwenyewe mara nyingi. Nikaona wamechelewa. Nikafikiri mtu kaanguka kisimani. Nikafikiri mtu kavunjika mguu na mimi ndiye niliyewaita, na wataniuliza kusudi lilikuwa nini. Kisha nikasikia kishindo kizito ardhini, kikifuatiwa na kingine, na kingine. Nikakimbia.

Niliwakuta wamesimama, kila mtu na baiskeli yake kati ya miguu. Njia mbele yao ilikuwa imejaa nazi. Si nazi kavu tu: madafu, makoroma, hata vitale visivyofaa kitu, vimetapakaa kutoka kona mpaka kona. Juu ya mmoja wa minazi yangu ya mkanda mweupe kulikuwa na mkwezi, anakata na kuangusha kila kilichoshikilia. Chini yake alikuwa yule bibi wa jana, kajifunga kanga kiunoni, anakusanya.

"Bibi, utatuua!" fundi alikuwa anapiga kelele.

"Kwani nani kakuzuieni? Piteni. Njia yenu, na minazi sasa yenu. Mie nnachukua changu tu kabla hamjakichukua na hicho."

"Minazi yetu? Sisi tuna baiskeli tu, Bibi!"

Hapo akaniona. Akaninyooshea kidole, wala hakupandisha sauti. "Si huyo hapo aliyekuja kuitia alama jana? Tena kanipungia na mkono."

Wote wakageuka kunitazama. Nikasogea mbele yake. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nakusikiliza. Minazi mshaiandika, lakini nazi za leo zangu. Au na nazi nazo mmeziandika?"

Ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Mnazi wa shamba hauna hati. Alama iliyo kwenye shina lake ndiyo inayosema wa nani. Na miaka ile watu walishazoea kuona mtu wa mjini anakuja na suruali na viatu, anatazama, anahesabu, anaweka alama, kisha shamba linakuwa la mwingine. Bibi huyu aliniona nikirudi nyuma hatua chache kulinganisha mikanda. Akaenda kumwita mkwezi.

"Ni alama ya baiskeli, Bibi," nikasema. "Ya kupinda. Wajue wapindie wapi."

Akanitazama. "Mnazi wangu umekuwa kibao cha barabara?"

Seremala akatokea anakimbia, kashika kikoi kisimvuke. "Shemeji! Shemeji, huyu mgeni wangu!"

"Mgeni wako aiombe ardhi yako. Minazi hii kaiomba kwa nani? Marehemu nduguyo kanipa kwa mahari, baba yako kakaa pale anasikia. Ardhi yenu, minazi yangu. Hukumwambia?"

Seremala akanitazama kwa uchungu wa kweli. "Hakuniuliza, shemeji. Kaniuliza mbuzi, kaniuliza kisima, kaniuliza makaburi, kaniuliza mpaka maji yatatuama wapi. Ya minazi, wallahi hakuniuliza."

Mpagazi wa bandarini ndiye aliyeanza kucheka. Wengine wakafuata, na fundi akasema, "Makaburi, Mwalimu? Ulidhani na maiti watashindana?" Hawakucheka kwa ubaya. Hata mkwezi kule juu alikuwa anacheka. Bibi peke yake hakucheka, na mimi.

Alimwamuru mkwezi ashuke. Kisha akakaa juu ya ardhi katikati ya zile nazi, kama mtu aliyetua mzigo mzito. "Sijalala," akasema, si kwangu, si kwa yeyote. Akaokota kitale kidogo, akakigeuzageuza. "Hivi vingekuwa nazi za Mfungo Tatu, za Idi Kubwa."

Fundi akaacha mzaha. "Jamani, haya madafu yakilala yataharibika. Nani ana kamba?"

Walichana makuti wakafunga madafu mawili mawili, wakaning'iniza kwenye mipini na kupakia kwenye vikalio, kila mtu alivyoweza, kwenda kumwuzia Bibi sokoni Darajani. Na walipokwishapakia, mpagazi akasema, "Wa mwisho kufika ni mke wa mwalimu!" Wakaruka wote. Wakashindana. Walishindana barabarani, mchana kweupe, bila ruhusa ya mtu, madafu yakigongana, na watu majumbani wakitoka kuwashangilia, haya nilihadithiwa. Mimi nilikuwa nimeshika baiskeli yangu niwafuate, Bibi akasema, "Wewe kaa. Wewe una kazi." Akanionyesha shina jeupe.

Nikasikia kengele zikienda mbali, mpaka ikabaki moja, kisha na hiyo ikaisha.

Chokaa ikishakauka kwenye gome la mnazi haitoki kwa urahisi. Gome lina mikunjo, na kila mkunjo unaficha weupe wake. Nilisugua kwa makumbi na maji ya kisimani mpaka jua likapungua, na nilikuwa sijamaliza hata kona moja. Nikamwahidi Bibi kurudi Jumapili, na Jumapili nyingine mpaka iishe.

Jumatatu fundi alinipokea kwa vifijo. "Mwalimu! Mashindano yako yametia fora! Jumapili hii tunakwenda Uroa. Utakuja?" Nikamwambia nimeahidi Mpendae. "Basi ijayo, Bwejuu." Nikamwambia na hiyo pia, nadhani. Akapapasa kichwa, akasema haidhuru, baiskeli haziishi.

Kwa hiyo walikwenda Uroa, mimi nikasugua. Walikwenda Bwejuu, mimi nikasugua. Bibi alikaa mbali kidogo akisuka ukili, na mwanzo alinitazama kama mlinzi anavyomtazama mtu ambaye hajathibitika. Maelezo yangu aliyasikia na kuyakubali, lakini aliniambia kuwa kila alfajiri akitoka nje na kuona mkanda mweupe moyo unamruka, na anaanza kujieleza upya: ni ya baiskeli, ni ya baiskeli. Nilifahamu. Mimi pia nilikuwa na kengele yangu, ambayo moyo haukukubali kuambiwa kuwa si yeye.

Jumapili moja mvua ilinyesha Mpendae, Bibi akanifukuza nisijepata homa, nami nikawafuata wenzangu, waliokwenda Uroa tena. Nilipofika walikuwa wamelala mchangani wamechoka. Walinifurahia kweli, mtu alinimenyea chungwa. Kisha mchukuzi wa samaki akasema neno moja tu, "Ngazi," na wote wakapasuka kucheka, wakigaagaa. Nikacheka nao. Mpagazi akaniona sijui, akanigeukia kwa ihsani: "Mwalimu, unajua, kule Bwejuu huyu alikuwa..." Akasita, akatafuta pa kuanzia, akatazama wenzake. "Ah, ni hadithi ndefu." Nikasema haidhuru. Waliporudi niliendesha nyuma yao. Nilizijua baiskeli zote zilizokuwa mbele yangu, na sasa nilijua na migongo, na nilikuwa peke yangu vile vile.

Siku niliyomaliza, Bibi aliondoka pale alipokaa, akapita shina kwa shina akipapasa kwa kiganja, kama anayemtafuta mtoto uvimbe baada ya kuanguka. Penye mkunjo aliingiza ukucha. Alipofika mnazi wa mwisho akasema, "Taibu. Umeiosha vizuri."

Nikasimama na makumbi mkononi, maji yananitiririka kwenye viwiko. "Jumapili nije, Bibi?"

"Kuna chokaa imebaki?"

"Hapana."

"Sasa uje kufanya nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa kutaka kujua hasa. Nikafikiri: kuteka maji. Lakini maji alitekewa na watoto wa shemejiye. Kuangua nazi, mkwezi alikuwapo. Nikafikiri mengine, kila moja lina mwenyewe.

"Kukaa tu," nikasema.

Akanitazama. "Mtu hakai tu shambani kwa mwanamke mjane, mwanangu. Watu watasema nini? Kwani kwenu hakuna watu?"

"Hakuna."

Sikuwahi kulisema neno hilo kwa sauti. Lilitoka jepesi, kama jibu la swali la kawaida. Bibi akatazama chini, akautazama ukili wake, na nikaona anatafuta kweli kweli cha kunipa, anapima, anakosa.

"Siku ukioa," akasema mwisho, "mlete mkeo anione. Hapo hata mkishinda kutwa, hakuna wa kusema."

"Inshallah, Bibi."

"Inshallah."

Nikamwaga maji yaliyobaki kwenye mihogo ya seremala, nikarudisha ndoo kisimani, nikamuaga.